Bendi chini ya mguu: mazoezi ya gitaa nyumbani kwa pedali ya lupu yenye drams

Ukipiga gitaa peke yako chumbani hakuna wa kukubishia. Unakimbia pale unapopaweza, unasuasua pale vidole vinapokwama, na sikio lako mwenyewe linakusamehe kwa sababu linajua ulikuwa unataka kupiga nini. Mimi nilipiga hivyo miaka kadhaa nikajiona nimeiva. Siku nilipoitwa kushika rizimu kwenye harusi moja hapa Dar es Salaam, mpiga drams alinigeukia katikati ya wimbo wa pili: "Kaka, unanikimbia!" Nilikuwa namkimbia kweli, na sikuwa najua.

Kilichoninyoosha ni pedali ya lupu yenye drams ndani yake. Ni kisanduku cha chuma kinachokaa sakafuni. Ukikikanyaga mara ya kwanza kinarekodi unachopiga. Mara ya pili kinaanza kukurudishia kipande kile kile bila kuchoka. Mara ya tatu unaongeza tabaka jingine juu ya la kwanza. Drams zake zimeshatengenezwa humo humo, kazi yako ni kuchagua mdundo na spidi. Wengi huinunua kwa ajili ya kujiburudisha, wakaisifia wiki mbili, kisha ikalala chini ya kitanda. Hapa naeleza namna ya kuitumia kurekebisha muda wako, yaani kule kukaa ndani ya mapigo, jambo ambalo mazoezi ya peke yako hayawezi kukuonyesha.

Neno moja tutalitumia sana: kipimo. Nikisema kipimo kimoja nina maana ya mapigo manne, moja-mbili-tatu-nne, isipokuwa pale nitakaposema vingine. Na nikisema kodi, ni za gitaa, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, siyo za mwenye nyumba.

Kabla hujatoa hela

Si kila pedali ya lupu ina drams. Ditto ya kawaida ya TC Electronic ina kinobu kimoja na kanyagio moja, inarekodi dakika tano, basi. Boss RC-3 ni ya zamani kidogo na midundo yake ni michache, lakini ina nafasi 99 za kuhifadhi, na mitumba yake huonekana. Iliyoifuata, RC-5, ina midundo 57 na seti saba za drams. Nux Loop Core ina midundo 40. Boss RC-10R, iliyotoka 2019, ina midundo zaidi ya 280 na kanyagio mbili, moja ya lupu na moja ya drams. Halafu kuna DigiTech Trio+ ya 2016, kiumbe wa aina yake: unaipigia kodi zako mara moja, inasikiliza, kisha inakutengenezea drams na besi zinazofuata kodi hizo. Ila uzipige safi. Ukizipiga kwa kubabaisha, nayo itababaisha pamoja nawe.

Idadi ya midundo isikutie wazimu. Mimi kwa mazoezi natumia mitano, na miwili kati ya hiyo inafanana. Ninachojali zaidi ni mambo mawili: je, sauti ya drams inapunguzwa peke yake bila kugusa sauti ya lupu? Na je, spidi naiona kwa namba? Pedali isiyo na la kwanza utaijutia.

Kama tayari una pedali isiyo na drams usikate tamaa, lakini pia usiwashe drams za simu pembeni ukadhani zitakwenda sambamba. Mwanzoni zitakwenda. Baada ya dakika moja au mbili simu na pedali zitaanza kuachana, kwa sababu kila moja inafuata saa yake. Chomeka simu kwenye tundu la kuingizia la pedali, rekodi vipimo vinne vya drams kama tabaka la kwanza, kisha chomoa simu uchomeke gitaa. Sasa drams zenyewe ndizo lupu, na hakuna wa kumwacha mwenzake.

Hatua ya kwanza: umeme

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pedali nyingi hufia.

Pedali nyingi zinakula volti 9 za DC, na upande hasi uko katikati ya plagi. Karibu na tundu la umeme utaona mchoro wa vijiduara vyenye alama ya kujumlisha na ya kutoa. Usome kabla hujachomeka kitu. Tatizo ni kwamba adapta ya ruta ya intaneti inaingia kwenye tundu lile kama vile ilizaliwa humo. Adapta nyingi za namna hiyo zina chanya katikati, na nyingine ni za volti 12. Pedali nyingine zina kinga ndani, nyingine hazina. Yangu ya kwanza haikuwa nayo. Haikutoa hata moshi, ilinyamaza tu. Fundi wa Kariakoo aliifungua, akaniwekea kidude cheusi kwenye kiganja, kimepasuka katikati kama punje ya bisi, akaniuliza, "Bosi, ulichomeka nini?" Nikamwambia ukweli. Akacheka, halafu akanitajia bei.

Angalia pia mA, yaani kiasi cha mkondo wa umeme. Pedali ya lupu inakula zaidi kuliko pedali ndogo ya distoshen, ile inayokwaruza sauti ya gitaa, kwa hiyo adapta yako iwe na namba ile iliyoandikwa kwenye pedali au zaidi. Ikiwa chini, pedali itawaka na kuzima, au itatoa mlio kama nyuki chini ya mdundo wako. Betri ya volti 9 inafaa kwa dharura, ila kwa pedali ya aina hii haichukui saa nyingi.

Na sisi tunaoishi na umeme wa kukatika tuzingatie hili: kwenye pedali nyingi, lupu ambayo hujaihifadhi inaondoka na umeme. Ukipata kitu kizuri, hifadhi kwanza ndipo ukisifie.

Hatua ya pili: waya na spika

Mpangilio ni huu: gitaa, kisha pedali za efekti kama unazo, kisha pedali ya lupu, mwisho spika. Distoshen ikae kabla ya lupu. Ukiiweka baada yake, au ukitumia distoshen iliyomo ndani ya spika ya gitaa, drams nazo zitapita humo na zitasikika kama mtu anapiga debe bovu. Kwenye spika chagua chaneli safi.

Hata kwenye chaneli safi, spika ya gitaa haikutengenezwa kwa ajili ya drams. Imeundwa kwa sauti za gitaa, sauti kali za juu inazikata, kwa hiyo haihati, zile sahani mbili za drams zinazogongana, inasikika kama mtu anafagia chumba cha pili. Usitoe hela kununua spika nyingine kwanza. Chukua waya wenye jeki kubwa upande mmoja na pini mbili za nyekundu na nyeupe upande wa pili, chomeka kwenye sabufa ya sebuleni. Punguza besi ya sabufa hadi karibu na mwisho, kisha pandisha taratibu mpaka kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, isikike bila kutikisa vyombo kabatini. Gitaa litakuwa kavu kidogo kwa sababu halipiti kwenye spika yake, lakini kwa mazoezi ukavu ni faida: makosa yanasikika.

Spika ya Bluetooth usiitumie kabisa. Bluetooth inachelewesha sauti kidogo. Drams zinakufikia zimechelewa, wewe unazifuata, na unachorekodi kinaingia nyuma ya drams halisi zilizomo ndani ya pedali. Utajilaumu siku nzima kwa kosa la spika. Vilevile usichomeke hedifoni moja kwa moja kwenye tundu la kutolea la pedali kama halina alama ya hedifoni. Utapata sauti hafifu, mara nyingi sikio moja tu. Pitia kwenye tundu la hedifoni la spika yako.

Hatua ya tatu: fundisha mguu kabla ya vidole

Hatua hii wengi wanairuka, halafu wanasema pedali ni mbovu.

Kosa la kawaida ni kukanyaga baada ya kusikia pigo la kwanza. Ukilisikia umeshachelewa. Kikanyagio kiguse chini pamoja na pigo lenyewe, kama vile mguu wako ndio kiki. Kwa hiyo unyanyue kwenye pigo la nne, uushushe kwenye moja. Vua viatu. Kisigino kikae sakafuni, vidole ndivyo vishuke. Kama una vigae, weka pedali juu ya mkeka au kipande cha mpira, la sivyo itakimbia kuelekea ukutani kila ukiikanyaga.

Sasa fanya hivi. Washa mdundo mwepesi kuliko yote uliyonayo, kiki na haihati tu, spidi 90, yaani mapigo 90 kwa dakika. Laza kiganja cha kushoto juu ya nyuzi zote ili zisitoe noti, ziwe zinasema "chak" tu. Acha drams zipite vipimo viwili huku ukihesabu kwa mdomo. Kwenye "moja" ya kipimo cha tatu kanyaga, piga chak nne kwa kila kipimo, vipimo viwili. Kwenye "moja" inayofuata kanyaga tena. Usipige chochote. Sikiliza.

Kama chak zako zimekaa ndani ya drams, hutazisikia kama kitu cha pembeni. Zitakuwa sehemu ya haihati. Kama zinatoka nje utasikia pigo maradufu, "ta-tak, ta-tak", kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja na mmoja amesinzia. Futa, rudia. Siku yangu ya kwanza nilirudia zaidi ya mara ishirini kabla sijapata moja ya kujivunia.

Pedali nyingi, drams zikiwa zimewashwa, hurekebisha urefu wa lupu ili uishie kwenye kipimo kamili hata kama mguu ulikosea kidogo. Ni msaada mzuri lakini unadanganya, maana hizo chak zako zilizochelewa zinabaki zimechelewa. Ukishazoea, zima drams urekodi zoezi lile lile bila msaada. Mguu ukikosea, lupu itachechemea: kila inapogeuka kuna kishimo kidogo, au pigo limekatwa ncha. Kichechemeo hicho ndicho kipimo halisi cha mguu wako.

Hatua ya nne: lupu ya kwanza yenye kodi

Anza na vipimo vinne: C, F, G, F, kodi moja kwa kila kipimo. Kwenye spidi ya 100, kipimo kimoja ni sekunde 2.4, kwa hiyo lupu nzima ni sekunde 9.6. Ni fupi, na ndivyo inavyotakiwa. Lupu ya dakika nzima inakupa nafasi ya kusahau ulichokosea mwanzoni.

Usianze kurekodi mara tu ukishika gitaa. Piga mzunguko mzima mara mbili pamoja na drams bila kurekodi, mkono ukishalainika ndipo ukanyage. Na unapofika mwisho usiache kupiga. Kanyaga kwenye "moja", lakini mkono uendelee kupiga ile C ya mwanzo kana kwamba hakuna kilichotokea. Wanaoinua mkono ili kutazama mguu huacha pengo la kimya mwishoni mwa F, na pengo hilo litawafuata kwa kila mzunguko.

Sauti ya gitaa unaporekodi kodi iwe chini. Mimi naweka kinobu cha gitaa kwenye 6 au 7 nikirekodi, napandisha hadi 10 nikianza kupiga solo juu yake. Bila hivyo utajikuta unapigana na wewe mwenyewe, na yule wa kwenye lupu ndiye atakayeshinda.

Hatua ya tano: mdundo upi kwa muziki wetu

Ukipitia orodha ya midundo utakuta roki, popu, fanki, shafo, bosa, latini. Neno sebene hutaliona. Usihangaike, kuna njia.

Kwa rumba, nenda kwenye latini au bosa, chagua ule usio na mbwembwe. Rumba ya Kongo ilikua ikisikiliza sahani za muziki wa Kuba zilizoanza kufika kule tangu miaka ya 1930, kwa hiyo undugu upo, ila mdundo wa kwenye pedali mara nyingi una vikorombwezo vingi kuliko unavyohitaji. Ukikosa unaokufaa, tengeneza mwenyewe. Hesabu 1 hadi 16 kwa mwendo sawa, na piga kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Hiyo ndiyo klave, mdundo wa msingi wa muziki wa Kuba. Weka kiki na haihati tu, rekodi klave kwa chak za nyuzi zilizofunikwa au kwa kugonga mwili wa gitaa kwa kidole kama gitaa lako ni la kuunganishwa na waya lakini lina tumbo. Sasa una drams za rumba zisizouzwa dukani. Namba hizo zinachukua vipimo viwili ukihesabu nane kwa kila kipimo, kwa hiyo lupu iwe ya vipimo viwili au vinne, isiwe vitatu.

Benga inataka kiki inayogonga kila pigo bila kuchoka na haihati ya haraka juu yake. Midundo ya disko au densi inafaa kuliko ya roki, kwa sababu ya roki inaweka kiki kwenye moja na tatu, na gitaa la benga linalokimbia noti moja moja juu yake linakosa pa kukanyagia.

Chakacha ni habari nyingine: inakwenda kwa sita. Tafuta mdundo ulioandikwa 6/8 na uuchague kabla hujarekodi. Ukirekodi chakacha juu ya mdundo wa nne, pedali itakulazimisha umalizie pasipo pake, na lupu itageuka kama gari lililokosa kona.

Hatua ya sita: magitaa matatu kwa mtu mmoja

Hapa ndipo pedali hii inapotufaa sisi kuliko hata wale walioiunda. Bendi za dansi na za rumba zimejengwa juu ya magitaa yanayosukana: rizimu chini, mi-solo katikati, solo juu, na besi ikiwashika wote. Mtu anayefanya mazoezi peke yake kwa kawaida anajifunza solo tu, kisha akipandishwa jukwaani kushika rizimu anapwaya. Lupu inakulazimisha kukaa kwenye viti vyote.

Mpangilio wangu ni huu. Tabaka la kwanza, rizimu: kodi za chini shingoni, fupi fupi, mkono wa kulia ukiwa mwepesi. Tabaka la pili, mi-solo: kodi zile zile juu zaidi, kwenye freti ya tano au ya nane, lakini noti moja moja zinazozunguka, na ziingie mahali ambapo rizimu imenyamaza. Kama unayo kapo, kile kibano cha shingo ya gitaa, ni wakati wake. Besi naipigia gitaa hilo hilo kwa dole gumba kwenye nyuzi mbili nene, kinobu cha toni nikikifunga kabisa. Haitakuwa besi ya kweli lakini itakuonyesha kodi inabadilika wapi. Baada ya hapo usirekodi tena. Solo ipige juu ya hayo bila kuirekodi, ili kila mzunguko upate nafasi mpya.

Matabaka matatu yanatosha. Kwenye pedali ndogo matabaka yote yanashikana na kuwa kitu kimoja. Unaweza kufuta lile la mwisho tu, kwa kawaida kwa kukandamiza kanyagio sekunde mbili hivi. Ukikosea la pili na ukaongeza la tatu juu yake, la pili ndilo lako milele.

Jirani yangu ni mzee aliyewahi kupiga besi kwenye bendi za dansi za miaka ya sabini. Jioni moja nilikuwa nimepanga matabaka manne, najiona mimi ndiye bendi. Nikatoka kuchota maji nikamkuta kibarazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Humo ndani mko wangapi?"

"Niko peke yangu, mzee."

"Basi huyo wa rizimu mwambie apunguze. Anaongea wakati mwenzake anaongea."

Nilirudi ndani nikasikiliza upya. Rizimu yangu ilikuwa inapiga kila nafasi, juu na chini, bila kupumua, na mi-solo ilikuwa imezama humo kama sukari kwenye chai. Nikafuta yote. Nikarekodi rizimu inayopiga mapigo matatu tu kwa kila kipimo, na ghafla kukawa na nafasi ya watu wengine. Tangu hapo nina desturi: nikimaliza tabaka la kwanza nalisikiliza mzunguko mmoja bila kushika nyuzi, nikiimba kwa mdomo kile nitakachoongeza. Kama mdomo haupati pa kuingilia, tabaka limejaa mno.

Hatua ya saba: ondoa drams kidogo kidogo

Drams zinakushika mkono, lakini ukizizoea sana zinakuwa gongo. Kuna mazoezi mawili ninayoyafanya kila wiki.

La kwanza ni rahisi. Anza kupiga drams zikiwa juu, na kila baada ya mizunguko minne zipunguze kidogo, mpaka unazisikia kwa mbali tu, kama muziki wa nyumba ya tatu. Angalia unapoanza kuyumba. Watu wengi huharakisha drams zikipungua. Mimi nilikuwa hivyo, na nadhani ndicho kilichonipata kule harusini, maana drams zilikuwa nyuma yangu na spika ya gitaa ilikuwa sikioni.

La pili ni mtego, na ndilo bora kuliko yote niliyowahi kufanya kwa pedali hii. Weka spidi 100. Drams zikiwa zinapiga, rekodi lupu ya vipimo vinane: vinne vya kwanza piga chak kwenye kila pigo, vinne vya mwisho usipige chochote, kaa kimya ukihesabu, kisha kanyaga. Sasa zima drams. Ulichobaki nacho ni chak kumi na sita, halafu kimya cha sekunde 9.6, halafu chak tena. Piga rizimu yako juu yake bila kusimama. Chak zikirudi zitakukuta umefika mapema, umechelewa, au uko nyumbani. Hakuna wa kumlaumu.

Mara yangu ya kwanza nilikuta nimetangulia karibu pigo zima. Fanya kwa spidi ya 100 mpaka uweze mara tano mfululizo, kisha shuka hadi 80, siyo kupanda. Polepole ni pagumu zaidi, kwa sababu katikati ya mapigo pana uwanja mkubwa wa kupotea.

Nusu saa inatosha

Mimi hupiga usiku, baada ya watoto kulala, hedifoni masikioni. Dakika tano za chak na mguu. Dakika kumi za lupu moja mpya, kodi mbili au tatu, hata kama ni mbaya. Dakika kumi za solo juu ya lupu hiyo, nikijiwekea mpaka, kwa mfano nyuzi mbili tu, au noti tano tu, au kupiga kipimo kimoja na kunyamaza kinachofuata. Dakika tano za mtego wa kimya. Siku nikichoka, mtego peke yake.

Spidi naongeza tano tano. Kumbuka kwamba lupu iliyorekodiwa tayari ina spidi yake. Pedali nyingine huweza kuivuta ikaenda haraka au polepole bila kubadili ufunguo, lakini ukiivuta mbali gitaa linaanza kusikika kama linapigwa ndani ya ndoo. Rekodi upya. Ni sekunde kumi tu, na mguu unapata mazoezi ya bure.

Kuhifadhi

Kuhifadhi kwenye pedali nyingi ni kubonyeza kitufe mara mbili na kungoja taa au skrini iache kumetameta. Kungoja huko kuna maana. Usichomoe umeme kabla haijatulia, unaweza kupoteza hata kilichokuwemo zamani. Nafasi 99 zinaonekana nyingi mpaka utakapokuwa na lupu arobaini zisizo na majina na hujui ipi ni ipi. Nina kipande cha utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi, nimeubandika mgongoni mwa pedali na nimeandika kwa kalamu ya risasi: 7, klave, 104. 12, chakacha, A, polepole. 15, mtego. 16, ya mzee, usifute.